Shuka Kwanza Ukaione Njia

Kutoka Dodoma mpaka Babati siku hizi ni lami tupu, kilomita 251, iliyozinduliwa na Rais John Magufuli mwaka 2018. Mtu anakunywa chai Dodoma, na kabla jua halijawa kali ameshaipita Kondoa anaitafuta Bereko. Sisi tuliokulia Kondoa hatuwezi kuisema vibaya barabara hiyo. Tumeona wajawazito wakilazwa nyuma ya gari la mizigo wakimbizwe hospitali, gari linarushwa huku na huku, na mvua ikishika hata gari lenyewe halitoki. Lami tuliiomba miaka na miaka, tukaipata, tukashukuru. Ila kulikuwa na elimu iliyokaa ndani ya ile barabara mbovu, na barabara ilipoondoka, nayo ikaaga. Hiyo ndiyo ninayoililia.

Mimi nilifundishwa udereva na mjomba wangu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliendesha Landrova 109 ya mfanyabiashara mmoja wa mjini. Kondoa ile ilikuwa Kondoa ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, kwa sababu vilima vyetu vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko mpaka vikabaki uchi. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika ili ardhi ipumzike. Lakini udongo uliokwisha kushuka ulikuwa umeshuka. Ulilala mabondeni ukawa makorongo mapana ya mchanga, makavu kiangazi, hayapitiki masika. Kwetu sisi, kujua gari ilikuwa ni kujua kuvuka makorongo hayo.

Petroli ilikuwa ya shida tangu vita vya Kagera, kwa hiyo hakuna aliyeichoma kwa ajili ya mwanafunzi. Masomo yangu ya mwanzo niliyapata Landrova ikiwa imezimwa, chini ya mwembe. Mjomba ananguruma kwa mdomo mithili ya injini, mimi nakanyaga klachi na kuingiza gia kwa kufuata sauti yake. Akipandisha sauti, napanda gia. Akiishusha, nashuka. Na kushuka ndiko kulikokuwa na kazi. Landrova ile ilikuwa ya toleo la pili, na katika giaboksi yake gia ya kwanza na ya pili hazikuwa na kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Kazi hiyo aliifanya dereva kwa mguu: kanyaga klachi, toa gia uweke nyutro, achia klachi, gusa mafuta kidogo injini ipande, kanyaga klachi tena, ndipo uingize. Ukikosea kidogo tu chuma kinalia mtaa mzima unasikia. Ukipatia, mkono unaona gia imezama yenyewe bila kusukumwa. Raha ya kitu kile sijaipata kwenye gari lolote nililowahi kuendesha baadaye.

Pembeni ya gia kubwa kulikuwa na vijiti viwili, kimoja kina kichwa cha njano na kingine chekundu. Cha njano unakididimiza chini, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Chekundu unakivuta nyuma gari likiwa limesimama, unaingia gia nzito, na hapo gari linatambaa polepole lakini lina nguvu ya kupanda popote. Mjomba hakunieleza vijiti hivyo mpaka nilipozijua gia za kawaida. Alisema mwenye kuvikimbilia huenda kukwama mbali zaidi.

Kisha yakaja mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha udereva nilichowahi kushika. Vidole gumba usivifunge ndani ya usukani, viweke juu ya ukingo pamoja na vingine. Ule usukani haukuwa na msaada wowote, na gurudumu likigonga jiwe ulizunguka kwa nguvu ya kuvunja kidole. Kwenye mteremko mkali ingiza gia nzito ya kwanza ukiwa bado juu, kisha toa mguu kwenye klachi na uuache pembeni kabisa. Injini ndiyo itakayolishika gari. Anayekanyaga klachi katikati ya mteremko analifungulia gari likimbie, na anayeng'ang'ania breki anazichemsha mpaka zinakataa. Kwenye mchanga usifunge breki. Ukitaka kusimama achia mafuta, gari litasimama lenyewe bila kujijengea kilima mbele ya magurudumu. Kwenye maji usibadilishe gia, maana ukikanyaga klachi umeyakaribisha ndani.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa kushuka. Tukifika ukingo wa korongo, Mjomba alizima injini. "Shuka kwanza ukaione njia, mjomba," ananiambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo kwa pande zote mbili. Nilitembea peku kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili na fimbo mkononi. Zamani, alisema, wakati ng'ombe bado wapo, madereva walisoma kwato: ng'ombe alipozama, gari nalo litazama. Ng'ombe walipoondolewa ikabaki fimbo na nyayo. Mchanga mweupe mkavu unakimbia chini ya kisigino. Uliokoza rangi una unyevu ndani, umeshikamana, unabeba. Mahali maji yalipokata kona, upande wa nje huwa na shimo. Nikirudi nilitakiwa kumweleza yote: naingilia wapi, nageuka wapi, natokea wapi, kwa gia ipi. Maelezo yakiwa na kasoro alinirudisha nikatembee upya, hata kama abiria wananung'unika. Hakuwahi kuniuliza kama naogopa. Aliuliza nimeona nini.

Dunia inazidi kuachana na gari la namna ile. Defender ya zamani, mjukuu wa Landrova yetu, iliacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, mwezi Januari 2016, na Defender mpya iliyofuata ilikuja na gia za otomatiki peke yake. Hata Land Cruiser 70, ambayo tangu 1984 imekuwa gari la mapori yetu yote, iliporudishwa sokoni kwao Japani mwaka 2023 iliuzwa kwa otomatiki tu. Huku kwetu bado zipo zenye gia za mkono, na madereva wanaozijua wapo, ila wengi wana mvi. Wanaojifunza leo mjini hujifunzia gari dogo, na kwa wengi wao klachi ni hadithi.

Mwaka jana nilikwenda Haubi, hukohuko Kondoa, na mtoto wa dada yangu, kwa Prado ya kazini kwake. Nje ya lami makorongo yapo palepale. Tulipofika la kwanza nikafungua mlango.

"Unaenda wapi, mjomba?"

"Kuangalia njia."

"Kaa tu. Gari linajua lenyewe."

Akazungusha kitufe mpaka kwenye alama ya tope na mchanga, akakanyaga mafuta. Gari likatetemeka, likajipima, likapunguza nguvu gurudumu moja na kuongeza jingine, na kweli likavuka bila kuhangaika. Nikampongeza, na sikumpongeza kwa unafiki. Ni kijana makini na gari lile ni zuri. Tulipopanda ukingo wa pili nikamuuliza mchanga ulikuwa laini upande gani, kushoto au kulia, maana jioni tungerudi kwa njia ileile na mawingu yalikuwa yanajikusanya kwenye vilima. Akatazama kioo cha dashibodi akitafuta jibu.