Likizo Bila Kwenda kwa Mama Mkwe

Kwa miaka 14 ya ndoa yetu, likizo ilikuwa na maana moja tu: kupanda basi kwenda kwa wazazi. Mwaka huu kwa mama mkwe, mwaka ujao kwa mama mzazi, mkononi sukari, vitenge na bahasha. Hatulalamiki, ndio utu. Lakini akina mama wenzetu mnajua likizo hiyo humpumzisha nani.

Mwaka jana tulifika pabaya. Hatukugombana, afadhali tungegombana. Nyumbani tulikuwa tumebakiwa na mazungumzo ya ada, luku na gesi. Mchungaji alipotuuliza ni lini tuliketi pamoja bila shughuli, wote wawili tulitazama chini. Ndipo tukaamua kwamba Juni, shule zikifungwa, tutakwenda Kanga, kaskazini ya kisiwa cha Mafia, kwa mama mmoja tuliyefahamiana naye sokoni. Kumwambia mama mkwe kwamba hatuji kulituchukua wiki mbili. Alisema, "Haya, wanangu," akanyamaza. Ukimya ule tulisafiri nao hadi kwenye kivuko cha Nyamisati.

Kanga ni kijiji cha minazi na wavuvi. Wenyeji wengi ni Waislamu, nao walitupokea kama ndugu. Watoto tuliwakanya wasipige kelele wakati wa sala, na Jumapili tulisali wenyewe chumbani. Maji yanapokupwa, wanawake huingia miambani na vijiti kutafuta pweza. Mwenyeji wetu alikataa katakata mama watoto asiguse sufuria. "Mgeni, kaa!" Siku mbili mikono ilikosa kazi. Mwishowe akapewa ukili asuke, akausuka ukaenda upande, baraza nzima ikacheka. Baba watoto naye alicheka, kicheko ambacho hatukukisikia siku nyingi.

Siku ya tatu tulikodi bodaboda mbili hadi Bweni na Ras Mkumbi, kisiwa kinakoishia. Pale upo mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, miaka miwili baada ya kuitwaa Mafia. Watoto wakaokota kome, sisi tukakaa kivulini. Hapo baba watoto akasema kwamba tangu Januari mshahara wake ulikuwa ukikatwa mkopo, aliouchukua kwa ajili ya mdogo wake, na aliona haya kusema. Mama watoto alitaka kufoka. Ila naye alikuwa ameingia kwenye vikoba bila kuaga, na marejesho yalikuwa yamechelewa miezi miwili. Akasema. Tulipiga hesabu mchangani kwa kijiti, na jumla ilikuwa mbaya, lakini sasa ilikuwa moja.

Siku mbili za mwisho tulihamia Utende, kusini, ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Mashua ilituvusha Chole, ambako popo wakubwa walao matunda hulala mchana wakining'inia mitini, kisha Juani, kwenye magofu ya Kua, mji ulioharibiwa na wavamizi kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Watoto walitaka papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, wakanuna walipoambiwa kwamba huonekana kuanzia Oktoba hadi Machi. Zamani ilidhaniwa kwamba miezi mingine huhama. Wachunguzi waliwabandika vifaa, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba wengi wao hawaendi mbali. Husogea tu kwenye maji marefu, wasionekane. Baba watoto aliposikia hayo alimtazama mama watoto, akasema, "Kumbe wapo."

Tulimchukulia mama mkwe pweza mkavu na mkeka. Alipopiga simu hakuuliza gharama; aliuliza kama tumelala vizuri. Desemba tunakwenda kwake. Tumekwisha kumwambia kwamba safari hii mwanawe ndiye atakayeosha sufuria, naye amesema atakaa barazani amwone.