Mpala, Kando ya Ziwa

Kutoka Likasi mpaka Kalemie treni inachukua siku kadhaa. Mji ule ulianza mwaka 1891 kama ngome ya Kapiteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa. Kutoka pale nilipanda mashua kuelekea kusini, mpaka Mpala.

Leo wavuvi wanaanika samaki ufukweni. Zamani misafara ilivusha watumwa ziwa hili kuwapeleka Pwani. Mapadri Weupe walichukua kituo cha Mpala mwaka 1885, wakawakomboa watoto kwa kuwalipia. Kapiteni Joubert alifika mwaka 1887, akawalinda watu kwa bunduki. Waliotoroka minyororo walipata kimbilio.

Nikiwa pale niliwawaza mama zao. Watoto wengi waliokombolewa hawakurudi kwao. Walikulia misioni, wakalima mashamba yake, wakaoana humo humo. Waliokolewa kweli, lakini mama aliyebaki mbali hakujua kama mwanawe yu hai.

Sisi nasi tunapokea watoto wa ndugu kutoka kijijini. Kuwapa chakula na kitanda ni vizuri. Lakini je, wanaenda masomo pamoja na wetu, au wanabaki kuchota maji na kuuza sokoni? Mama zao wanasikia sauti yao?

Niliporudi Kamatanda, nilimpa simu binti wa shemeji yangu anayekaa kwangu, azungumze na mama yake. Walizungumza mpaka yuniti zikaisha. Sasa tunafanya hivyo kila Jumapili.