Amplifaya ya volti 120 katika nchi ya volti 240

Ndugu zangu vijana, habari za mgao na za kusafirishwa nchi ya tatu tunaandikiana kila siku. Leo nataka niwaambie juu ya amplifaya ya gita.

Ni ya zamani, ya vali, yaani vile vioo vinavyowaka ndani kama balbu ndogo. Ilikuja hapa Nakivale kama msaada kutoka Marekani. Siku ya kwanza walipoichomeka ukutani ikanguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mimi nilikuwa bado sijajiunga na bendi. Nilipoingia niliikuta kwenye kona, imewekewa madumu ya maji juu yake.

Kumbe haikuja mbovu. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120, hapa Uganda ni 240. Transfoma ndiyo inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa: volti 6.3 za kupasha vali moto, na volti mia kadhaa za kuzifanya zifanye kazi. Ukiipa mara mbili ya inachostahili, chuma chake kinazidiwa, waya unachemka, vanishi inaungua. Basi.

Afisa mmoja alituambia tuiandike imekufa, tusubiri msaada mwingine. Tusubiri mpaka lini? Bendi isiyo na gita ya solo haiitwi harusini, na hela za harusi ndizo wenzetu wanalipia wadogo zao ada ya shule. Tukachanga, nikapanda gari mpaka Mbarara kwa mzee mmoja anayesuka mota za mashine za kusaga.

Yeye hakuanza na transfoma. Alisema, "Mwanangu, hii imezimwa lakini haijalala." Kapasita zinatunza umeme hata plagi ikiwa imetolewa, tena umeme wa kuua mtu. Alishika rizista kwa koleo lenye mpira, akaumwaga ule umeme taratibu, akapima na mita mpaka ikasoma karibu na sifuri. Mkono wake mmoja ulikaa mgongoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Halafu akachora kila waya na rangi yake na mahali unapoingia, ndipo akakata.

Tukafumua transfoma huku tunahesabu. Waya wa volti 6.3 ulikuwa na mizunguko 25, yaani kama mizunguko 4 kwa kila volti. Lakini umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50, na hezi zikipungua chuma kinazidiwa haraka. Kwa hiyo mzee akasuka upya yote kwa mizunguko 5 kwa volti. Upande wa ukutani peke yake ikawa mizunguko 1,200, kwa waya mwembamba zaidi, maana volti zikiwa mara mbili ampea zinashuka nusu. Kuhesabu ilikuwa kazi yangu, kwa sauti. Nikinyamaza, na yeye anasimama.

Kuwasha mara ya kwanza hatukuchomeka moja kwa moja. Tulipitisha umeme kwenye balbu ya wati 100, ile ya zamani yenye waya ndani, vali zikiwa zimetolewa. Balbu ikikaza mwanga, kuna shoti. Yetu iliwaka kidogo, ikafifia. Mzee akasema, "Rudisha vali."

Ninyi mnaotuletea misaada, asanteni kabisa. Ila kabla ya kutuma mashine, someni kibandiko cha nyuma: volti ngapi, hezi ngapi. Na pale mnapoandika "imekufa", muulizeni kwanza fundi.

Na ninyi vijana wenzangu, mzee anatafuta watu wenye subira ya kuhesabu. Mimi naenda kila Jumamosi. Nafasi moja bado iko, kaka au dada, anayeitaka aniandikie.