Kifua na Siri Yake

Kwa Waswahili, mwenye kifua ni yule awezaye kutunza siri. Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi inayopenya nyama na kuacha kivuli cha mfupa na cha chuma. Tangu hapo kifua cha mwanadamu kikawa chaweza kusomwa bila ya kupasuliwa, na vita havikukawia kukitafutia msomaji.

Mwaka 1898, jeshi la Waingereza na Wamisri lilipopanda mto Nile kwenda kuiangusha dola ya Khalifa Abdullahi, Meja John Battersby, tabibu wa jeshi, alifika na mtambo wa eksirei hadi Abadieh, kaskazini ya Sudan. Masanduku yake yalifunikwa kitambaa kizito kilicholoweshwa maji, ili joto la jangwani lisiviharibu vyombo. Umeme ulitokana na baiskeli ya watu wawili, iliyoendeshwa na askari bila ya kwenda popote.

Baada ya mapigano ya Karari, karibu na Omdurman, tarehe 2 Septemba, waliletwa majeruhi wa Kiingereza 121. Kati yao, 21 walikuwa na majeraha ambayo mkono na ala za tabibu zilishindwa kujua kama risasi imo au haimo. Eksirei ilitoa jawabu kwa 20. Aliyebaki alikuwa na risasi ya pafu, naye alikuwa mahututi hata hakuweza kupimwa.

Ndiyo tabia ya jeraha la kifua: hewa na damu hujaa baina ya mbavu na pafu, pafu likasinyaa, pumzi ikakatika. Linalohitaji zaidi kuonekana ndilo lisilosubiri kuonwa.

Na kwa upande wa pili, Wasudani zaidi ya elfu kumi waliuawa siku ile. Baiskeli ya Abadieh haikuzungushwa kwa ajili yao.

Leo kipimo cha siti skani huonyesha mapafu, mishipa na njia ya risasi kwa sekunde chache. Lakini vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 viliingia hadi hospitalini. Ile ya Al Nao, mjini Omdurman, ilipigwa makombora zaidi ya mara moja. Mtambo ukizimika, tabibu hurudi alipokuwa mtangulizi wake kabla ya Röntgen: hugonga kifua kwa kidole, akategesha sikio.

Mwenye kifua hutunza siri kwa hiari yake. Majeruhi hana hiari hiyo. Yeye hungoja tu asomwe.