Daftari Kabla ya Mche

Miaka yangu ya kufundisha elimu ya mimea katika masomo ya juu, huku kusini mwa jimbo la Maniema, imenifikisha kwenye hoja moja: chuo huanza kutunza mazingira pale kinapoandika kuni kinazotumia na miti kinayopanda, na kuendelea kuandika hata mwandishi akibadilika. Kongo ina sikukuu ya mti, tarehe 5 Desemba, na mwaka 2019 serikali ilizindua mpango wa bustani za shule uliolenga miti bilioni moja ifikapo 2023. Nia ilikuwa njema. Lakini hesabu ya miche iliyopandwa haituambii mingapi ilipona. Desemba ni wakati wa mvua, na kila mche huonekana hai. Mtihani huja kiangazi, kati ya Juni na Agosti, nyasi zinapokauka na moto wa mbugani unapopita. Chuo kisichojua mche uko wapi na nani anautunza hakiwezi kutofautisha msitu na sherehe.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi uko Yangambi, karibu na Kisangani. Huko kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1933, kiliweka watu wa kuangalia miti ileile juma baada ya juma, tangu miaka ya 1930 hadi ya 1950, wakiandika lini inachanua, inazaa na kupukutisha majani. INEAC ilikuwa taasisi ya kikoloni, na utafiti wake ulitumikia kwanza mashamba ya biashara, hilo halifichiki. Hata hivyo, baada ya zaidi ya nusu karne, madaftari yale yamekuwa hazina kwa watafiti wa mabadiliko ya tabianchi, maana kumbukumbu ndefu kiasi hicho ni adimu katika misitu ya Afrika ya Kati. Thamani yake ilitokana na kutokatika, na kutokatika ni jambo ambalo hata chuo maskini kinaliweza.

Wenzangu wamepinga kwa njia mbili. Wa kwanza husema msitu wa Maniema hautakwisha. Huenda ni kweli kwa kaskazini mwa jimbo; huku kusini, Kasongo na Kabambare ziko pale msitu unapopakana na mbuga, na kila tanuri la matofali na kila gunia la makaa huusogeza mpaka huo. Wa pili husema mwalimu asiyelipwa kwa wakati hawezi kuhangaikia miti. Hawa nawaheshimu zaidi, na jibu lao liko Mampu, katika uwanda wa Bateke karibu na Kinshasa: hekta zipatazo 8,000 za akasia ziligawiwa familia za wakulima, ambazo huvuna makaa, kisha hulima mihogo na mahindi palepale huku akasia ikichipua upya. Pale mti haushindani na chakula. Ardhi ya chuo inaweza kupangwa vivyo hivyo, na jiko la wanafunzi likajua kuni zake zinatoka wapi.

Liko pingamizi zito kuliko hayo: jiko la chuo ni kitu gani mbele ya migodi ya dhahabu ya Namoya, kule Kabambare? Kwa ukubwa wa madhara, si kitu. Lakini sheria ya madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni zifanye mapatano ya maandishi na wenyeji na kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo yao. Karatasi hizo zinahitaji wasomaji wanaojua kupima maji, kuhesabu miti na kulinganisha mwaka huu na uliopita. Wasomaji hao ni wanafunzi wetu, na ujuzi huo hawataupata katika chuo ambacho hakijawahi kuhesabu kuni zake chenyewe. Kwa hiyo atakayerithi kazi hii namshauri ahesabu kwanza ya nyumbani, kisha aende Namoya na daftari lake.