Cheka MySQL Yangu, Usinicheke Mimi

Leo siongelei Arsenal na Man U, ingawa ugomvi wenyewe ni wa aina hiyo hiyo. Leo naongelea watu wa hifadhidata, au databesi kama tunavyosema mtaani. Ni wale jamaa wanaokesha na Oracle, SQL Server, PostgreSQL na MySQL, halafu wakipata nafasi kidogo tu, wanachambana. Nitawaambia kwa nini nawapenda. Halafu nitawaambia kuhusu usiku mmoja kwetu Wema, ambapo utani wao karibu utuharibie jambo kubwa.

Kwa asiyejua: ukituma pesa kwa M-Pesa, kuna mahali panapoandikwa wewe umepungukiwa na mwenzako ameongezewa. Mahali hapo ni hifadhidata. Orodha ya wapiga kura ni hifadhidata. Matokeo yako ya mtihani pia. Ni daftari, ila daftari lisilochoka na linaloweza kujibu maswali.

Sasa wanaolinda madaftari haya wana timu zao. Nilipoingia kwenye kundi lao nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinishinda, hadithi ndefu, si ya leo. Siku ya kwanza nilidhani wanachukiana kweli.

Watu wa Oracle hutembea kama wenye shamba. Watu wa SQL Server wanaambiwa kazi yao yote ni kubofya endelea, endelea, maliza. Wa PostgreSQL wanaitwa walokole, maana hawakai dakika tano bila kukuhubiria uokoke. Wa MongoDB wanaambiwa wanaweka data kama mtu anayehama nyumba usiku akikimbia kodi, kila kitu ndani ya gunia moja. Na sisi wa MySQL? Sisi ni matatu. Tuko kila barabara, tunabeba kila mtu, na hakuna anayetuheshimu.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba hawa wote ni ukoo mmoja. Mwaka 1970 mtaalamu wa IBM, Edgar Codd, aliandika makala akisema data ipangwe kwenye majedwali yanayohusiana. Larry Ellison na wenzake wawili wakaanzisha kampuni yao mwaka 1977, na mwaka 1979 wakauza Oracle ya kwanza, ambayo waliiita toleo la 2. Toleo la 1 halikuwahi kuuzwa. Yaani hata kiki si kitu kipya. Postgres ilianza 1986 kule chuo kikuu cha Berkeley, chini ya Michael Stonebraker. MySQL ikaja 1995, na hiyo "My" ni jina la binti wa Michael Widenius, mmoja wa walioiunda. Halafu Januari 2010 Oracle ikakamilisha kuinunua kampuni ya Sun, iliyokuwa inamiliki MySQL. Widenius alikuwa ameshatoka na nakala yake, akaiita MariaDB, kwa jina la binti yake mdogo, Maria.

Umeona? Mtu wa Oracle akiitukana MySQL, anamtukana mtoto aliyeko nyumbani kwake mwenyewe. Ni kama Gor Mahia na AFC Leopards. Tunaiita Mashemeji Dabi kwa sababu tunajua jioni watu hawa watakula meza moja.

Na usidhani ni utani wa watu wachache wasio na kazi. Kenya nzima iliwahi kuingia ndani. Agosti 2017 nilikuwa shule ya msingi, na redio ya baba haikuzimwa wiki nzima. Baada ya uchaguzi, muungano wa upinzani, NASA, ulitoa takwimu ukisema zimetoka ndani ya seva za tume ya uchaguzi. IEBC ikakataa. Moja ya hoja zake: data hiyo inaonekana imetoka kwenye hifadhidata ya Microsoft, na sisi tunatumia Oracle. Fikiria hilo. Nchi imeshika pumzi, na hoja mojawapo mezani ni Oracle au SQL Server!

Wakubwa kwenye kundi bado wanalitumia kama silaha. Mtu wa SQL Server akikosea kidogo, anaulizwa kama naye alikuwa Bomas mwaka ule. Mimi pia hucheka. Lakini angalia kilichofuata. Mahakama ya Juu iliagiza wahusika waruhusiwe kuzitazama seva, bila kubadilisha kitu. Tume haikutekeleza agizo hilo kikamilifu, na tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne dhidi ya wawili wakafuta uchaguzi wa urais. Kutofunguliwa kwa seva ilikuwa moja ya mambo yaliyoiumiza tume. Mwishowe jina la kampuni halikumwokoa mtu. Swali lilikuwa jepesi kama la bibi akirudi kutoka sokoni: nionyeshe daftari.

Hilo neno daftari lishikeni. Linarudi.

Kwetu ni Wema, Tana Delta, kando ya mto Tana. Ukitoka Garsen unaulizia, utaonyeshwa. Majirani zetu ni Kulesa na Hewani. Sisi Wapokomo ni watu wa mto: ndizi, maembe, mpunga, samaki. Mto ukiwa na furaha tunakula. Mto ukikasirika tunahama. Novemba 2023, mvua za El Niño, mto ulikasirika. Mashamba yakaenda, nyumba zikaingia maji, watu wakapanda sehemu za juu na magodoro vichwani.

Watoto wa kijiji walioko Mombasa na Nairobi wakachanga pesa. Si nyingi, lakini kila familia ingepata kitu kwenye simu, inunue unga. Mzee aliyekuwa anaandika majina akaniita. "Mwanangu, si wewe ulisomea kompyuta? Hebu yaingize haya." Akanipa daftari lake kubwa, nusu limelowa, kurasa zimegandana.

Nikasema nitafanya kazi safi. Nikauliza kwenye kundi: nina familia 300 na kitu, majina, kijiji, idadi ya watoto na namba ya simu, nitumie nini na nianzie wapi?

Manze, siku hiyo nilichekwa! "Familia 300? Kijana, hiyo si hifadhidata, hilo ni daftari." Mwingine: "Mpeni kalamu." Wa PostgreSQL wakahubiri. Wa Oracle wakaniuliza kama nina bajeti. Nikajibu natumia MySQL kwenye laptopu yangu kuukuu, na hapo ndipo nilimwaga petroli. Mpaka jioni nilikuwa nimepewa jina: Bwana Daftari. Hakuna aliyejibu swali.

Sikukasirika. Niliweka vile vikatuni vya kucheka machozi kama kila mtu. Lakini nilijiahidi kitu kimoja: sitauliza tena. Nilikuwa na swali la pili, nililiandika kabisa, kidole kikiwa juu ya kitufe. Nilitaka kuuliza nakala ya akiba inatengenezwaje. Nikalifuta.

Nikaingiza majina kwa siku mbili. Ya daftarini, halafu ya watu waliokuwa ng'ambo ya pili ya mto, ambao walinipigia simu moja kwa moja. Hao hawakuwa kwenye daftari lolote. Walikuwa kwenye laptopu yangu tu. Usiku wa mwisho bibi mmoja wa Hewani akanitumia ujumbe kwamba amebadilisha laini. Nikaandika amri ya kubadilisha namba yake.

Kwenye lugha ya hifadhidata kuna neno WHERE. Ndilo linaloiambia mashine "badilisha ya huyu". Ukilisahau, mashine haikuulizi kitu. Inaelewa "badilisha za wote".

Nililisahau.

Sekunde moja, na familia zote, Wema, Kulesa, Hewani, zikawa na namba moja ya simu. Ya bibi. Kwa muda huo bibi yule alikuwa tajiri kuliko sisi wote, na hajui, amelala.

Nitasema ukweli, mikono ilikufa ganzi. Pesa zilikuwa zitumwe asubuhi. Ningewaambia nini wale wa ng'ambo ya mto? Na mzee aliyeniamini mbele ya baraza? Nilishaitwa "yule aliyeacha chuo". Kesho ningeitwa yule aliyepoteza majina yetu.

Saa sita usiku nikamwandikia mtu mmoja pembeni, si kwenye kundi. Dada mmoja wa Mombasa, mtu wa Oracle miaka mingi. Na ndiye aliyenipa lile jina.

"Dada, samahani kwa usiku. Nimeharibu kitu."

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. "Usiguse chochote. Usifute, usiingize, usianze upya. MySQL toleo gani?"

"Toleo la 8."

"Alhamdulillah. Betri?"

"Asilimia 31. Naitegemea sola."

"Basi twende haraka, mdogo wangu."

Hapo ndipo nilijifunza kwamba MySQL toleo la 8 lina tabia nzuri ambayo sikuwahi kuambiwa. Kama hujaizima tabia hiyo, linaandika kila badiliko kwenye faili la pembeni: mstari ulivyokuwa kabla, na ulivyo sasa. Yaani lenyewe linaweka daftari. Dada alinielekeza hatua moja moja. Kwanza nikanakili kila kitu kwenye flashi. Halafu tukalifungua lile faili, tukaitafuta dakika niliyokosea, na zile namba za zamani zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine. Saa nane usiku kila mtu alikuwa na namba yake. Betri ilikuwa asilimia 6.

Nikamuuliza, "Dada, wewe unaitukana MySQL kila siku. Umeijuaje hivi?"

"Utatukanaje kitu usichokijua?"

Halafu akauliza swali lililoniuma. "Kwa nini hukuuliza mapema habari ya nakala ya akiba? Ingekuwa kazi ya dakika mbili."

Nikajibu bila kupamba. "Nilipouliza mara ya kwanza, mliniita Bwana Daftari."

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Mwisho ikaja: "Hapo tumekukosea. Lala."

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na hii ndiyo kesi yangu. Utani ni kitu kizuri, na sisi watu wa pwani na Afrika Mashariki tunaujua kuliko mtu yeyote. Kule Tanzania kuna makabila ambayo ni watani tangu zamani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe na huruhusiwi kununa. Lakini ukifiwa, mtani huyo huyo anakuja msibani, anachekesha waliolia mpaka wakachoka, na anashika kazi. Haki ya kukucheka inakuja na kazi ya kukusaidia. Dada yule aliilipa deni lake saa sita usiku. Huyo ni mtani wa kweli.

Ila utani una sharti lingine: anayetaniwa awe na uwezo wa kurudisha. Mtu wa Oracle akimchamba mtu wa PostgreSQL, wote wana mishahara, wote wana miaka kumi kazini. Hiyo ni dabi. Lakini ukimchamba kijana anayeuliza swali lake la kwanza, hana cha kurudisha. Hawezi hata kujua kama ulichosema ni kweli. Hiyo si dabi tena, ni wachezaji wakubwa wanampiga chenga mtoto aliyekuja kuokota mpira. Na yule mtoto haondoki akilia. Anabaki, anacheka nanyi, halafu anafuta swali lake. Hasara yake hamtaiona, maana itatokea kwenye laptopu yake, usiku, peke yake.

Na msidhani makosa ni ya wanaoanza tu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, usiku, amechoka, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Takriban GB 300 zikaenda. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala za akiba, na hakuna iliyokuwa inafanya kazi sawasawa. Waliokolewa na nakala iliyokuwa na umri wa saa sita hivi. Badala ya kujificha, walirusha kazi ya kuokoa data mubashara, dunia nzima ikitazama. Utani ulikuwepo, lakini watu wa fani wengi walimtumia pole, kwa sababu kila mmoja alijua ingeweza kuwa ni yeye.

Pole hiyo ilimfikia mtaalamu. Ninachoomba ni imfikie pia kijana wa Garsen mwenye laptopu ya mkopo.

Basi jibuni swali kwanza, ndipo mcheke. Ni hilo tu. Mkishajibu, nichekeni mpaka kesho, mniite matatu, mniulize kama MySQL yangu ina kondakta.

Pesa zilitumwa asubuhi ile. Bibi wa Hewani alipata ya kwake, si ya kata nzima, na mpaka leo hajui alivyokaribia utajiri. Orodha ile sasa ina nakala tatu: laptopu yangu, flashi iliyoko kwa shangazi Malindi, na daftari jipya la mzee, lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mzee aliinakili yote upya kwa mkono, akaniambia, "Mto hausomi kompyuta, mwanangu."

Jina la Bwana Daftari halijatoka. Sasa naliitikia. Na kila akiingia mgeni kwenye kundi na swali lake la kwanza, Bwana Daftari ndiye wa kwanza kujibu.

Wewe uko timu gani? Niandikie hapo chini, tuchambane vizuri. Lakini kabla ya kuandika, nakala yako ya akiba ya mwisho uliiweka lini?