Mavazi ya Siku ya Intavyuu: Sitara Pamoja na Unadhifu



Ndugu zetu Waislamu, wazazi na wanafunzi,

Kila vijana wanapomaliza chuo, sisi walimu wa madrasa hapa Nyamirambo, Kigali, huulizwa na wazazi swali moja: mtoto ameitwa intavyuu, avae nini? Swali laonekana dogo, lakini ndani yake mna riziki na mna dini.

Baada ya Swala ya Alasiri alitujia mama mmoja mjane pamoja na binti yake aliyesomea uhasibu. Akasema: "Ustadh, tunaomba ruhusa. Avue mtandio siku hiyo moja tu. Akishaandikwa kazi atauvaa." Binti aliinamisha kichwa, hakusema neno.

Tulimuelewa mama yule, maana wadogo wa binti huyo wako shule na karo inadaiwa. Lakini ruhusa hiyo hatukuwa nayo. Amri ya sitara imo katika Surat An-Nuur, aya ya 31, haikutoka kwa mwalimu. Tukamwambia na jambo la kidunia: mwajiri akimwandika leo akiwa kichwa wazi, kisha kesho akamuona na mtandio, atajiuliza ni lipi jingine alilofichwa. Heri aamue akijua. Binti alikwenda na mtandio wake. Kazi ile alipewa mwingine, naye anaendelea kupeleka maombi kwingine. Tunaeleza hivyo bila kuficha, ili asidhani mtu kwamba kushika dini hakuna gharama.

Hata hivyo, sitara si kisingizio cha uchafu. Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) alipoulizwa kuhusu mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alibainisha kuwa hicho si kiburi. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi tunawausia vijana wetu haya:

1. Wasichana: gauni refu lisilobana, au sketi ndefu na koti pana, na mtandio wa rangi moja uliobanwa vizuri. Ukipanda pikipiki, helmeti huuvuruga mtandio, kwa hiyo fika mapema ujitengeneze.

2. Wavulana: suruali isiyobana, shati lililopigwa pasi, viatu vilivyopigwa rangi, ndevu zilizochanwa. Kanzu ni vazi letu la heshima, lakini suruali ya sitara si haramu. Ukinunua tai, soma lebo yake: tai nyingi ni za hariri, na hariri na dhahabu ni haramu kwa wanaume.

3. Wote: pigeni mswaki, na asubuhi hiyo acheni kitunguu saumu. Kama tulikatazwa kuwaudhi kwa harufu hiyo wanaoswali msikitini, tusiwaudhi na watu wa ofisini.

Tunajua nguo ni ghali. Mwaka 2016 ushuru wa mitumba hapa Rwanda ulipandishwa kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na caguwa haikuwa tena ya bei rahisi kama zamani. Msiingie katika mkopo wa riba kwa ajili ya suti. Azima koti la kaka yako, au mpelekee fundi cherehani nguo uliyonayo airekebishe.

Jueni pia haki zenu. Kifungu cha 16 cha Katiba ya Rwanda kinakataza ubaguzi wa dini. Huko Marekani, Samantha Elauf alinyimwa kazi dukani mwaka 2008 kwa sababu ya mtandio, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwa upande wake, majaji 8 kwa 1. Lakini wanaokwenda Ubelgiji wajue kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyotoka huko huko, ilisema kampuni inaweza kukataza alama zote za dini na siasa, mradi katazo liwe kwa wafanyakazi wote sawa. Ulizeni kanuni za kazi kabla ya kutia saini.

Mwisho, tunawakumbusha Waislamu wenye maduka na ofisi. Mabinti hawa wanafunzi wetu wana elimu na wana amana. Wakija na mitandio yao, wapeni nafasi ya kusikilizwa.

Tunamuomba Allah, Ar-Razzaaq, awafungulie vijana wetu milango ya halali. Aamiyn.

Wabillaahi Tawfiyq.